Kuvu dhidi ya kuvu

Bukari tunayokula hapa Mutoshi, jimboni Lualaba, mara nyingi hutoka kwenye mahindi ya Zambia, nchi ambayo mwaka 2024 iliondoa madukani unga wenye aflatoksini. Sumu hiyo ya kuvu haiondoki kwa kupikwa hata ukisonga namna gani. Nchini Kenya, mwaka 2004, iliua watu 125. Kinga ipo: Aflasafe, kuvu ya jamii ileile isiyotoa sumu. Hupakwa kwenye mtama uliokaangwa usiote, ukamwagwa shambani, kilo 10 kwa hekta, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua. Kuvu njema huwahi nafasi; yenye sumu hukosa pa kuota. Zambia imekwisha kuiidhinisha. Jimbo la Lualaba liwapatie wakulima wetu dawa hiyo, pamoja na maturubai ya kuanikia mahindi, kabla ya mvua.