Sungura wa Kenyenya: Aina Mpya ni Kazi ya Kijiji



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kupata aina mpya ya sungura. Jibu langu nalitoa mapema: inawezekana hapa Kenyenya, ila mfugaji mmoja peke yake haiwezi kazi hiyo.

Mashamba ya Gusii yamegawanywa, yakagawanywa tena, hata ng'ombe wa pili hana pa kusimama. Sungura hukaa kizimbani nyuma ya jiko, hula matawi ya viazi vitamu yaliyonyaushwa, na jike huzaa siku 31 hivi baada ya kupandishwa. Lakini aina tunazofuga zilitengenezwa kwa mahitaji ya wengine. New Zealand White, licha ya jina lake, asili yake ni Marekani. Huko huko, katika miaka ya 1920, George West alichanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand White, akitafuta nyama nyingi na manyoya mazito. Ndipo akapatikana sungura aitwaye California.

Wengi wetu tukimpandisha jike wa New Zealand kwa dume wa California, tunadhani tumepata aina mpya. Kweli, watoto hao mara nyingi huwapita wazazi wao kwa wastani. Wapandishwe wao kwa wao, na nusu ya nguvu hiyo ya mchanganyiko hupotea. Wajukuu hutoka wengine wakubwa, wengine dhaifu. Aina mpya hupatikana pale tu vizazi vinapofuatana vikirithishana sifa ileile, na njia ya kufika hapo ni kuchagua wazazi kwa kipimo kimoja, bila kuchoka.

Misri imeonyesha njia. Watafiti wake walichanganya sungura wao wa kienyeji, Baladi Mwekundu, na ukoo wa V uliotoka Valencia, Hispania. Kipimo chao kilikuwa uzito wa watoto wote wa uzao mmoja siku ya kuachishwa kunyonya. Ni kipimo cha busara mno, kwani ndani yake mna idadi ya waliozaliwa, maziwa ya mama na uhai wa watoto. Nasi tukitumie, ila tupime sungura wanaokula majani ya mashamba yetu. Ukimchagua mzazi kwa chakula cha dukani, utapata mtoto anayekidai.

Sasa kwa nini nasema kijiji? Kundi lililofungwa lenye dume mmoja na majike 10 huongeza undugu wa damu kwa takriban asilimia 14 kila kizazi. Matokeo yake ni uzao mdogo na vifo vya watoto. Lakini nyumba 10, kila moja ikiwa na dume mmoja na majike 4, zikihesabiwa kuwa kundi moja, ongezeko hilo hushuka chini ya asilimia 2. Wanyama hao 50 hakuna boma moja hapa linaloweza kuwalisha. Nyumba 10 zinaweza.

Basi napendekeza hivi. Wazazi wa mwanzo wenye nasaba inayojulikana watafutwe katika kituo cha serikali cha Ngong. Kila sungura awe na alama sikioni, na kila nyumba iwe na daftari la mama, baba, tarehe na uzito. Majike wabaki kwao. Madume wachanga waliochaguliwa wahamie nyumba inayofuata kwa zamu, baada ya kutengwa wiki mbili na kukaguliwa upele wa masikio. Maafisa wa mifugo wa kaunti wakague madaftari hayo.

Jike huanza kupandishwa akiwa na miezi mitano au sita, kwa hiyo kizazi kimoja kwa mwaka kinatosha. Miaka mitano ni vizazi vitano vya uchaguzi. Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: nyumba 10 zikubaliane kipimo kimoja, na zikubali kuwa dume bora si mali ya mtu mmoja. Makubaliano hayo yakikosekana, hata tuletewe sungura wa bei gani, tutabaki wanunuzi wa mbegu za wenzetu.