Usukani Ukiwa Mzito

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kiembe Samaki)



Kamati ilinitaka nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wenzangu. Wamo humu madaktari, mahakimu na maofisa wakubwa ambao wangeweza kutueleza mambo mazito. Mimi ni mchuuzi wa samaki, na jambo zito ninalolijua ni moja tu, nalo ni usukani wa gari. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunaendesha gari kuukuu zilizotoka Japani, na wengi tumepoteza fedha kwa ugonjwa huu. Ya pili inanihusu mimi na mtu mmoja aliyemo humu ndani. Hiyo nitaifikia.

Sisi watu wa pwani tulilijua neno usukani kabla ya gari kufika visiwani. Ni ule ubao wa nyuma ya chombo, ambao nahodha huugeuza kwa kana. Chombo kikiwa kikubwa na bahari ikiwa imechafuka, mkono wa mtu mmoja hautoshi. Huongezwa wa pili, au kana hutiwa kamba na kapi. Pawa stelingi, kama mafundi wanavyoiita, ndiye huyo mtu wa pili.

Malori ya zamani yenye bodi za mbao, yaliyokuwa yakichukua abiria na mizigo ya shamba, hayakuwa na msaidizi huyo. Dereva alikuwa na mabega ya mchukuzi, na usukani wenyewe ulikuwa mpana kama sinia ya pilau ili mikono ipate nguvu. Huko Marekani mhandisi mmoja, Francis W. Davis, aliyekuwa akishughulika na malori katika kiwanda cha Pierce-Arrow, aliiona taabu hiyo hiyo. Katika miaka ya 1920 alitengeneza usukani unaosaidiwa na mafuta yanayosukumwa kwa pampu. Ilipita miaka mingi kabla ya uvumbuzi huo kuwafikia wanunuzi wa gari ndogo. Mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipoutia katika gari yake ya Imperial.

Kazi yake ni hivi. Injini inapozunguka, mkanda huzungusha pampu. Pampu huvuta mafuta kutoka katika kopo lake na kuyasukuma, kupitia mpira mgumu, mpaka ndani ya stelingi boksi. Humo mna valvu inayotambua dereva anakata upande gani, ikayafungulia mafuta yasukume upande huo. Yakimaliza kazi hurudi koponi. Nguvu yake si ya mchezo. Tairi ya gari ndogo hutiwa upepo wa paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba, lakini mafuta haya, usukani ukikatwa mpaka mwisho, huweza kupita paundi 1,000. Kwa hiyo usitie kidole penye uvujaji injini ikiwa inawaka, wala usiushikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache.

Lakini kumbukeni kwamba pampu ni msaidizi tu. Baina ya mikono yako na tairi mna vyuma vilivyoshikana: mti wa usukani, krosi zake, boksi, tairodi na boljoindi. Kimoja kikigandamana, hata ukitia pampu kumi mpya hutapata nafuu. Mimi sikulijua hilo, na kutolijua kwangu kumenigharimu zaidi ya fedha.

Pikapu yangu ni ya mwaka 1993. Alfajiri huenda Fumba kuwapokea wavuvi, na maji yakitoka nilikuwa nikiiteremsha mpaka ufukweni ili matenga yasibebwe mbali. Mwaka juzi usukani ulianza kuwa mzito. Nikaipeleka kwa fundi wangu. Fundi huyu tulikaa naye dawati moja katika skuli hii, tukigawana kalamu na andazi. Aliniambia, "Niachie kutwa nzima niichunguze." Nikamjibu kwamba sina kutwa ya kumpa, samaki hawangoji, kila mtu kasema ni pampu, basi nitilie pampu nyengine. Akatia. Usukani ukabaki vile vile.

Nilikasirika, na hasira yangu sikuimeza. Nilisema barazani, mbele ya watu, kwamba amenitilia pampu mbovu na pampu yangu nzima ameiuza. Nikahamia kwa fundi mwengine mjini. Huyo naye alitia pampu ya pili, kisha akasema boksi limekufa, nikanunua boksi kuukuu. Uzito ukapungua siku tatu, ukarudi.

Mchana mmoja, kiasi cha saa sita na nusu, watoto wakitoka skuli, nilikata kona kuingia mtaani kwetu hapa Kiembe Samaki. Usukani ulio mzima, ukiulegezea mkono baada ya kona, hurudi wenyewe. Wangu haukurudi. Uliganda pale pale, na gari ikaendelea kukata mpaka ikatoka barabarani, ikalivunja benchi la kahawa. Wazee wawili waliokuwa wamelikalia walikuwa wameinuka punde tu kwenda kusali adhuhuri. Mtoto mmoja mwenye mkoba mgongoni alikuwa hatua mbili kutoka penye bampa. Nilishuka, nikakaa chini mchangani, kwa sababu magoti yalikataa kunibeba.

Waliokuja kuisukuma gari walikuwa wengi, lakini aliyekuja na boksi la spana alikuwa yule niliyemchafulia jina. Hakusema neno juu ya yaliyopita. Aliuliza tu, "Leo utanipa kutwa nzima?" Nikampa. Nitakuelezeni alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu kila mwenye gari anaweza kuzifuata au kumtaka fundi wake azifuate.

Kwanza alipima upepo wa tairi za mbele. Tairi iliyolegea hulala barabarani, na usukani huwa mzito bila ya chuma chochote kuwa na kosa. Kipimo kimeandikwa katika kibandiko penye mlango wa dereva.

Pili alifungua kopo la mafuta. Yakiwa yamepungua, yanavuja mahali, na kuongeza tu si dawa. Yakiwa na povu, yameingia hewa. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yamechoka. Gari nyingi za Kijapani za umri ule hutumia mafuta mekundu ya gia otomatiki, lakini si zote. Soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Na usitie kamwe mafuta ya breki, kwani huziharibu sili za mpira.

Tatu, injini ikiwa imezimwa, aliushika mkanda wa pampu. Mkanda uliolegea, uliong'aa kwa kuteleza au ulioingia mafuta hupiga kelele kali unapokata kona, na pampu haipati mzunguko wake.

Nne aliwasha injini akasikiliza. Pampu inayoguna huwa aghlabu imekosa mafuta au imeingia hewa. Usukani ukiwa mzito gari inapopumua taratibu, na ukawa mwepesi ukikanyaga mafuta, shuku mkanda au pampu. Ukiwa mzito upande mmoja tu, shuku valvu ya boksi. Wangu ulikuwa mzito pande zote, ukikanyaga mafuta na usikanyage.

Hatua ya tano ndiyo iliyoleta jawabu, nayo haigharimu hata senti. Alizima injini, akatia magogo nyuma ya tairi za nyuma, akainua mbele kwa jeki na kuweka stendi madhubuti chini ya fremu, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kisha akaugeuza usukani kwa mkono. Uzito wa gari ukiwa hauko juu ya tairi, usukani mzima huzunguka kutoka mwisho hadi mwisho, kwa ukinzani kidogo ulio sawasawa. Ukizunguka vizuri hivyo, rudi ukamtafute mchawi katika pampu, mkanda na mafuta. Ukikwama, mchawi yumo katika vyuma. Wangu ulikaza, ukaachia, ukakaza, ukaachia, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Akatabasamu. "Pampu hailii hivi," alisema. "Hiyo ni krosi."

Hata hivyo hakuamini sikio lake peke yake. Hatua ya sita, alitia alama ya rangi ili vyuma virudi mahali pake, akaufungua mti wa usukani unapoungana na boksi. Tairi tulizigeuza kwa mikono, zikageuka laini. Usukani wenyewe, ukiwa haukushika kitu, ulikuwa bado unakaza. Basi kosa limekwisha kufungiwa katika urefu wa mkono mmoja. Pikapu yangu haina eabegi. Katika gari yenye eabegi usukani ufungwe usizunguke huru wakati kiungo kimefunguliwa, kwani waya wake wa ndani hukatika.

Krosi ya chini ilikuwa nyekundu kwa kutu, na vile vijisindano vya bearingi yake vimekuwa unga. Zile siku tatu za nafuu zilitokana na kufunguliwa na kufungwa kwake wakati boksi linabadilishwa. Fundi aliinusa ile kutu, akaniuliza, "Gari hii inaingia baharini?" Sikuwa na la kusema. Niliyeiua ni mimi mwenyewe, kwa kukwepa kubeba tenga hatua hamsini.

Krosi mpya ilinigharimu chini ya robo ya bei ya pampu moja. Siku hizi gari naiacha juu, penye ardhi kavu, na kila wiki naiosha kwa chini kwa maji baridi. Hayo namshauri kila anayekaa karibu na bahari, na nani katika sisi hakai karibu na bahari? Wale wenye gari mpya zaidi wafahamu kwamba nyingi katika hizo husaidiwa na mota ya umeme, hazina mafuta wala mkanda wa pampu. Kwao upepo wa tairi na vyuma huangaliwa vile vile, lakini yaliyobaki ni kazi ya fundi wa umeme.

Ndugu Mwenyekiti, limebaki moja. Jioni ile, kazi ilipokwisha, fundi aliingia ndani akatoka na kitu kimefungwa guniani. Ilikuwa pampu yangu ya kwanza. Alikuwa ameihifadhi muda wote ule, akingoja niiulize. Haikuwa na kosa, na ndiyo iliyomo garini mpaka leo.

Mwalimu wetu wa hesabu, mnamkumbuka, alikuwa akimnyima alama mtu aliyeandika jawabu bila ya kuonyesha njia. Mimi niliandika jawabu mara mbili bila ya njia: kwanza juu ya gari, kisha juu ya rafiki. La gari nimelipia kwa fedha. La rafiki nilimtaka radhi kwake nyumbani, akanisamehe. Lakini tuhuma niliitoa hadharani, basi na radhi naiomba hadharani. Ndugu yangu, mbele ya walimu waliotulea na wenzetu wa darasa moja, nasema kwamba hukuuza kitu changu, na niliyoyasema barazani yalikuwa uongo. Yeyote aliyeyasikia na ayafute.

Na wenye gari, fundi akikuombeni kutwa nzima ya kuchunguza, mpeni.