Msitu wa Pande na Gunia la Mkaa



Mimi naishi Boko. Kwa miaka mingi nimelihesabu Pande, jirani yetu, kuwa kichaka tu. Majuzi niliingia kwa kibali. Kumbe ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na ni pori la akiba tangu 1990. Humo hukaa komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyetambuliwa na wataalamu katika miaka ya 1990. Duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Misitu hiyo ikiisha, naye amekwisha.

Wakati wa kurudi, nje ya mpaka, nilikuta tanuri la mkaa lingali linafuka moshi. Nikakasirika. Nilipofika nyumbani nikaliona gunia langu jikoni. Sikuwahi kuuliza mkaa wangu unatoka wapi.

Ndugu zangu, sisi watumishi wa serikali tunajua kuandika waraka, lakini mvule hauoti kwa waraka. Tuanze na majiko yetu. Nanyi vijana, mkifika majumbani kwetu, tuulizeni bila woga: mzee, gunia hili limetoka wapi?