Kadi za Kufuma kwa Mkono: Bei, Ufundi na Soko
Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili, Magomeni, Dar es Salaam



Tumeombwa tuzungumzie kadi za salamu zinazopambwa kwa nyuzi zilizofumwa. Kadi zenyewe ziko mezani, na tunaomba mzishike badala ya kuziangalia kwa mbali. Tungependa tuzungumze kama watu wa mradi na tuzungumze habari ya fedha, maana sifa kadi hizi zimekwisha kuzipata za kutosha.

Hapa Magomeni ni nyumba chache zisizo na kitambaa cha kufuma juu ya kochi au meza. Akina mama wetu wanajua kutumia sindano ya kulabu tangu wakiwa wasichana. Kila kitambaa kikiisha, hubaki vipande vya uzi: futi tatu za rangi nyekundu, futi mbili za kijani. Kufuma huria, yaani kufuma bila kufuata kielelezo kilichoandikwa, kunafaa hasa kwa mabaki hayo. Mama anaanza na mnyororo mdogo, anaongeza mizunguko, anabadili rangi pale uzi ulipoishia, na umbo linatokea lenyewe. Huwezi kuagiza mabaki yanayofanana, kwa hiyo hakuna kadi mbili zinazofanana.

Hapo ndipo tunapogongana na baadhi ya wanunuzi. Wapo wanaotuandikia wakitaka kadi 200 za Krismasi, zote nyota ya manjano, zote za kipimo kimoja. Kwa heshima zote, tunasema hiyo ni kazi ya mashine. Kinachoweza kufanana ni ukubwa wa kadi, bahasha, usafi na ubora wa mshono. Ua lenyewe liachwe kwa aliyelifuma.

Jambo hili si geni katika historia ya kanisa. Wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, masista wa Kikatoliki na akina mama wengine walifundisha wanawake maskini kufuma kwa kulabu ili wapate cha kununulia chakula. Kila mfumaji alitengeneza maua na majani yake, kisha vipande hivyo viliunganishwa kuwa kitambaa kimoja. Tunaipenda mbinu hiyo kwa sababu mama anaweza kufuma ua moja akiwa anasubiri wateja wa mihogo, na mwenzake mwenye mkono mzuri wa kubandika akamalizia kadi.

Karibu zaidi na nyumbani, pale Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana inayo Neema Crafts. Mradi huo ulianza mwaka 2003, msanii Mwingereza Susie Hart akiwa na vijana 3 viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mikono, zikiwemo zile za mavi ya tembo. Baadaye zikaja kazi nyingine nyingi za mikono, na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Mtu huinunua karatasi ile kwanza kwa sababu ni nzuri na ina habari ya kusimulia, ndipo anaposikia imetengenezwa na nani. Mradi unaotegemea huruma peke yake huishiwa wateja mapema.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa tunaomba uvumilivu. Mnajua mnada wetu baada ya ibada. Kadi moja inanadiwa, mzee mmoja anataja shilingi 20,000, mwingine anaongeza, na watu wanapiga makofi. Tunamshukuru Mungu kwa moyo huo. Lakini hiyo ni sadaka, na kikundi kikiichukua kuwa ndiyo bei ya kadi, kitashangaa Jumatatu.

Tufanye hesabu ya mfano. Karatasi ngumu, bahasha na gundi tuseme ni shilingi 900. Nauli ya kwenda Kariakoo na akiba ya kikundi, tuziweke 600 kwa kila kadi. Kazi ya saa moja tuipe 2,000. Kadi iliyojaa maua, yenye kazi ya saa moja na nusu, inafika 4,500. Yenye ua moja dogo, la nusu saa, inafika 2,500. Kadi iliyochapwa kiwandani ni rahisi kuliko zote mbili, na salamu ya simu haigharimu karibu chochote. Kwa hiyo hatushauri kushindana na kadi za kawaida. Tunashauri ile ya ua moja iwe ndiyo kazi ya kila siku, na ilengwe kwenye Kipaimara, ubatizo na ndoa, nyakati ambazo mtu anataka kitu cha kuhifadhi kwenye Biblia yake. Kadi za michango ya harusi tuziache. Zinahitajika kwa mamia na kwa haraka, na nyingi sasa hutumwa kwa simu.

Uzi ni bure kwa sababu ni mabaki. Muda wa mama si mabaki. Tunalisema hili kwa kamati zinazochukua kadi kwa mali kauli na kurudisha zisizouzwa baada ya miezi mitatu, zikiwa zimechakaa kona. Utaratibu wa biashara ya haki unaokubalika duniani unamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atangulize angalau nusu ya malipo, bila riba, mzalishaji akiomba. Usharika hauwezi kuwa na masharti magumu kuliko mnunuzi wa Ulaya.

Kwa wageni wetu kutoka Ujerumani, lipo jambo dogo lenye gharama. Barua ya kawaida kwenu haitakiwi kuzidi unene wa milimita 5 wala uzito wa gramu 20. Ua lililofumwa kwa uzi mnene linavuka kipimo hicho, na anayeipeleka kadi analipia daraja la juu zaidi. Ndiyo maana akina mama sasa wanatumia uzi mwembamba wa pamba, wanalilowesha ua kwa wanga mwepesi wa muhogo na kulipiga pasi kabla ya kulibandika. Linakaa bapa na haliharibu bahasha. Pia wanalitia mishono miwili mitatu kwenye karatasi, kwa sababu wakati wa masika gundi peke yake huachia.

Na moshi! Kadi iliyokaa karibu na jiko la mkaa hunuka hata baada ya kusafiri. Tunaomba kila kamati itafute kabati moja kavu ofisini, kadi zihifadhiwe humo ndani ya mifuko iliyofungwa.

Fomu za oda ziko kwa katibu. Andikeni idadi, shughuli na tarehe mnayozihitaji, na acheni wazi nafasi ya rangi. Oda za Kipaimara zije wiki sita kabla, pamoja na nusu ya malipo.