KAZI YAKO NI NINI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



 Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni jinsi kazi za watu zinavyoandikwa na kupangwa katika hesabu za taifa. Sitawachosha kwa maneno mengi. Neno langu ni moja: hesabu ya kazi hutengenea au huharibika mlangoni mwa mwenye nyumba, katika mstari mmoja auandikao karani, kabla kitabu cha namba hakijafunguliwa.

Kwanza tukitazame kitabu chenyewe. Wanahesabu wa kazi wa mataifa walikutana mara ya kwanza mjini Geneva mwaka 1923, wakiitwa na Shirika la Kazi Duniani, na tangu hapo waliona haja ya mpango mmoja wa kuzigawanya kazi, kusudi hesabu ya nchi moja ipate kulinganishwa na ya nchi nyingine. Mpango kamili wa kwanza ulitoka mwaka 1958. Ukafuatwa na wa 1968, na wa 1988, na huu wa 2008 utumikao hata leo. Tanzania na Kenya nazo zimejitungia vitabu vyao kwa kuufuata mfano huo.

Mpango wa 2008 una mafungu makubwa 10. Ndani yake mna mafungu 43, na ndani ya hayo 130, na mwisho mafungu madogo kabisa 436, kila moja likiwa na namba yake ya tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza yaonyesha fungu kubwa: 2 ni la wataalamu, 4 ni letu sisi makarani, 7 ni la mafundi wa mikono, 9 ni la kazi zisizotaka mafunzo marefu.

Yafaa tukumbuke ni kitu gani kinachopangwa. Hakipangwi cheo cha mtu, wala jina la tajiri wake, wala karatasi ya chuo iliyotundikwa ukutani. Kinachopangwa ni yale ayafanyayo mtu kwa mikono yake na akili yake. Dereva wa lori la mgodi na dereva wa lori la kiwanda cha sukari namba yao ni moja. Seremala aliyefunzwa chuoni, na seremala aliyefunzwa na mjomba wake chini ya mwembe, wakifanya kazi ile ile, wamo fungu moja.

Basi, shida yatoka wapi? Yatoka katika majina. Lugha yetu ni tajiri, walakini majina yake ya kazi ni mapana kama shuka. Mtu akijibu, "Mimi fundi," hajasema neno bado. Fundi wa nguo, fundi wa saa, fundi wa umeme, mwashi, kila mmoja ana namba yake.

Tazameni neno mganga. Mganga wa hospitali aliyesoma chuo kikuu ni daktari, naye yumo katika fungu la 2. Mganga wa kienyeji, mwenye mitishamba aliyofunzwa na wazee wake, yumo katika fungu la 3, kwa namba 3230. Karani akiandika "mganga" peke yake, yule mwenye kutia namba ofisini hana njia ya kujua. Hivyo wilaya yenye madaktari wawili yaweza kuonekana katika jedwali kuwa inao ishirini, na wakubwa wakapeleka madaktari wapya mahali pengine. Hapo aumiaye si karani, ila mgonjwa.

Tazameni tena bodaboda. Neno hili lilizaliwa mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, kwa watu waliovusha abiria kwa baiskeli. Siku hizi wengi wao huendesha pikipiki. Mwenye pikipiki namba yake ni 8321, katika fungu la waendesha mitambo na vyombo. Mwenye baiskeli ni 9331, katika fungu la mwisho. Jina ni moja, mafungu ni mawili.

Hata sisi wenyewe hatukusalimika. "Karani" ni nani? Mwenye kuandika mishahara ni 4313. Mwenye kuangalia bohari ni 4321. Mwenye kupanga majalada ni 4415. Mwandishi akaaye nje ya posta akiwaandikia barua wasiojua kusoma ni 4414. Na yule mwenye kutia namba za kazi, ambaye tumemtaja mara nyingi, naye ana namba yake, 4413. Ikiwa makarani hujiandika "karani" tu, tutamlaumuje mkulima?

Maana mkulima ndiye mtihani mkubwa. Alimaye pamba na mahindi kwa kuuza ni 6111. Alimaye kwa chakula cha nyumba yake ni 6310. Kibarua alimaye shamba la mwingine kwa ujira ni 9211. Wote watatu ukiwauliza watakujibu, "Mkulima." Na jambo hili limezidi uzito tangu Oktoba 2013, mkutano wa 19 wa wanahesabu wa kazi ulipopitisha azimio la kutenga kazi na ajira. Kazi ni kila shughuli ya kutengeneza vitu au kutumikia watu, iwe kwa ajili ya wengine au ya nyumba ya mtu mwenyewe. Ajira ni ile ifanywayo kwa ujira au faida. Kwa azimio hilo, alimaye kwa chungu chake tu hahesabiwi katika ajira, bali jasho lake lataka kuandikwa mahali pake. Karani asipouliza mazao huenda wapi, hawezi kujua amwandike wapi.

Katika Kiswahili neno kazi limebeba maana zote mbili, na mjini limeinamia mno upande wa mshahara. Mwanamke akiulizwa, "Una kazi?" hujibu, "Sina, niko nyumbani tu." Naye huamka alfajiri akakaanga maandazi, akayauza kando ya barabara mpaka saa tatu. Huyu ni muuza chakula wa barabarani, namba 5212. Karani aliyeandika "hana kazi" amemfuta kwa kalamu, na serikali haiwezi kumpangia soko wala mkopo mtu ambaye katika daftari hayuko. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ni mali.

Najua watakaosema kwamba mwenye nyumba amechoka, jua ni kali, na nyumba zilizobaki ni nyingi. Ni kweli. Wengine watasema siku hizi kompyuta hutia namba zenyewe. Hiyo nayo ni kweli kwa mahali pengi. Lakini mashine haiwezi kusoma lisiloandikwa.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. La kwanza, asiulizwe mtu jina la kazi peke yake; aulizwe, "Siku nzima wafanya nini hasa?" na jibu liandikwe kwa maneno mawili matatu: "akaanga na kuuza maandazi," si "biashara." La pili, mwenye kazi mbili aulizwe ni ipi imshikayo saa nyingi zaidi kwa kawaida, maana hiyo ndiyo kazi yake kuu, mwalimu mwenye duka asiandikwe kwa kubahatisha. La tatu, asipewe mtu namba kwa kutazama mavazi yake au nyumba yake.

Swali hilo moja zaidi halizidi nusu dakika. Mwenye kuulizwa hataliona jedwali maisha yake yote, wala hatajua nani aliyemwandika. Amana yake iko mikononi mwetu, nasi tumezoea kutunza amana.