Molasi na Sukari Guru: Chakula, Siyo Dawa
(Hotuba ya kamati ya mapishi, sherehe ya miaka kumi ya chama)



Tumeombwa tuzungumzie molasi, yale maji mazito meusi yanayobaki kiwandani baada ya chembe za sukari kutolewa katika juisi ya miwa iliyochemshwa. Sisi wa Bonde la Kilombero tunaishi kando ya miwa, ila wengi tunaijua molasi kama chakula cha ng'ombe. Sukari guru ni nduguye: juisi huchemshwa mpaka igande, molasi ikiwa humo humo.

Kashata ndizo zilizotunisha mfuko wetu. Yeyusha sukari guru kwa maji kidogo. Ukidondosha tone katika maji baridi likaganda, tia karanga zilizokaangwa, geuza upesi, mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, kata kabla haijapoa. Molasi nayo yafaa katika keki ya tangawizi. Ina uchachu kidogo, hivyo ukitia soda ya kupikia keki inaumuka vizuri. Hata uji wa ulezi unanoga.

Sasa tuseme kweli, maana tulikosea. Tulipoanza kuuza tulitangaza sokoni eti molasi inaongeza damu. Mwenzetu mmoja mjamzito akaacha vidonge vya kliniki, akategemea kijiko chake cha asubuhi. Alifika kujifungua damu imepungua mno. Tulichanga nauli, tukatoa na damu. Alipona, lakini tungeweza kumzika.

Hesabu ni hii: gramu 100 za molasi zina madini ya chuma kama miligramu 4.7. Kijiko cha chakula, gramu 20, hutoa kama miligramu 1. Mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Na karibu robo tatu ya kijiko hicho ni sukari!

Kwa hiyo, akina mama, vidonge msiache. Kuleni dagaa, maharage na mchicha, pamoja na ndimu au chungwa; chai isubiri kidogo, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mwenye kisukari ajihadhari na molasi kama sukari nyingine. Na molasi ya mifugo ibaki kwa mifugo.

Siku hizi tukiuza tunasema "kashata tamu", basi. Utamu huo hauhitaji uongo.

Chama hoyee!