Mafindofindo Yasiyojulikana Chanzo



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya udaktari. Nimechagua ugonjwa ambao kila aliyelala bwenini anaujua: mafindofindo.

Tuseme mtoto ameletwa mjini Morogoro kutoka Nyandira. Ana homa, hawezi kumeza, na tezi za koo zimevimba na kuwa nyekundu. Bibi yake anasema ni baridi ya Mgeta. Jirani ameshauri akakatwe kimeo. Daktari naye anatakiwa aandike jina la ugonjwa na namba yake.

Namba hizo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa mwaka 1990. Mafindofindo ya ghafla ni J03. Yakiletwa na bakteria waitwao streptokoka, ni J03.0. Kikijulikana kijidudu kingine, ni J03.8. Chanzo kisipojulikana, ni J03.9.

Vijana, msiidharau hiyo 9. Koo lenye virusi na lenye streptokoka huweza kufanana kabisa kwa macho. Kati ya watoto 10 wanaoumwa koo, wenye streptokoka huwa kama 2 au 3 tu. Pasipo kipimo cha maabara, kuandika J03.0 ni kubuni. Na namba za kubuni zikijumlishwa, dawa zitaagizwa kwa hesabu ya uongo.

Lakini kutojua chanzo si ruhusa ya kukaa bure. Tunauliza: Ana homa? Tezi za shingo zimevimba na zinauma? Kuna usaha kwenye tezi za koo? Hana kikohozi? Dalili hizo zikikusanyika, tunampa penisilini, maana streptokoka wasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vali za moyo. Dawa ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, hatari hiyo hupungua sana. Vidonge humezwa siku 10 zote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya 3.

Mwenye mafua na kikohozi, mara nyingi ni virusi. Antibiotiki haimsaidii, na kuigawa ovyo huwazoesha vijidudu dawa. Lakini mgonjwa akishindwa kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na kimeo? Hakina hatia. Kukikata huweza kumwaga damu nyingi na kuingiza pepopunda, na mafindofindo yakabaki pale pale.

Basi, vijana mtakaoshika kazi hii baada yetu, msichokijua kiandikeni kuwa hakijulikani, kisha mtibuni mgonjwa kwa dalili mlizoziona.